Neno la Seremala Lililofika Kliniki

Ofisini walimwita Kamusi. Alipokuwa msichana jina hilo lilimpendeza, lakini miaka ilivyokwenda akaliona kama koti linalombana mabega. Alikuwa mfasiri katika chumba cha nyuma cha ofisi iliyochapisha miongozo ya afya, chumba chenye meza mbili na dirisha lililogoma kufunguka tangu lipakwe rangi. Meza ya pili ilikuwa ya mhariri, mwanamume mpole aliyekunywa chai kutwa na kuilalamikia chai hiyo kutwa. Kazi ilikuwa imemla Kamusi macho, ikamla shingo, na siku hizi ilianza kumla usingizi, maana maneno hayakukubali kubaki ofisini.

Nyumbani aliishi na binti yake, aliyekuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, na mjukuu wa kike ambaye wote walimwita Bosi. Walimpa jina hilo kwa sababu alitembea amefunga mikono nyuma, akikagua chumba hadi chumba, na ukimsemesha hakujibu. Wenzake wa rika lake pale uani walishaanza kuwasemea wakubwa zao uongo. Bosi alikuwa na "ma" tu, na mlio mmoja mrefu alioutoa alipotaka maji. Watu walicheka, wakisema bosi gani huongea ovyo na wafanyakazi. Kamusi naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa kikiishia katikati.

Basi ikaja kazi ya kufasiri mwongozo wa kuwapima watoto wadogo: wanavyokua, wanavyotembea, wanavyosema. Karibu kila ukurasa ulikuwa na neno moja la Kiingereza, norm. Kitabu kilikuwa kimeshapita mikononi mwa wafasiri wengine, na kila mmoja alilitia neno lake. Huku liliitwa kiwango, kule kawaida, mbele kidogo kanuni, na mahali fulani mtu aliyechoka kabisa aliandika "nomu" akaendelea na safari yake.

"Dada, tuchagulie moja tu," mhariri alimwambia. "Na utuandikie aya ya mwanzo, watu wajue linamaanisha nini na limetoka wapi."

Kamusi alilifuata neno lile kama mtu anayefuata mbuzi aliyepotea. Aligundua kwamba Warumi waliliita norma, na kwamba halikuwa neno la watoto wala la tabia. Lilikuwa jina la skwea, ile pembe ambayo fundi seremala huiweka kwenye kona ya ubao kuona kama imekaa sawa. Hata wao walilipata wapi, wataalamu walikuwa bado wanavutana. Baadhi walisema ni kwa Wagiriki. Kwa muda mrefu Waingereza walipotumia normal, neno lililozaliwa na hilo, walimaanisha mstari uliosimama wima juu ya mwenzake. Kuwaita watu hivyo kulikuja baadaye sana.

Kilichomsumbua ni jinsi neno hilo lilivyobeba mizigo mitatu kwa mpigo. Lilimaanisha jambo ambalo wengi hulifanya. Lilimaanisha wastani, yaani hesabu iliyopatikana baada ya kuwapima watoto wengi. Na lilimaanisha jambo ambalo mtu anapaswa kulifanya, asipolifanya watu wanamtazama vibaya. Msomaji angeanza sentensi kwenye wastani akaimaliza kwenye lawama bila kuona alipovukia.

Mwishowe alichagua kaida. Lilikuwa neno fupi, limeshazoeleka vitabuni, na huko lilikotoka, katika Kiarabu, lilikuwa pia msingi ambao nyumba hukaa juu yake. Akaandika aya yake. Humo alieleza kwamba katika kitabu hiki kaida ni wastani tu: inasema wengi wamefika wapi, haisemi mtoto huyu ana thamani gani.

Mhariri aliisoma, akasukuma kikombe pembeni. "Nzuri. Lakini nitaikata."

"Yote?"

"Dada yangu, nesi ana foleni imefika mlangoni. Atasoma saa ngapi habari za maseremala wa Kirumi?"

Zamani Kamusi angebishana mpaka chai ipoe. Siku hiyo shingo ilikuwa inamuuma, na nyumbani kulikuwa na ndoo za kujaza kabla maji hayajakatika. Alisema, "Kata," akachukua mkoba wake. Kitabu kikaenda kiwandani bila aya hiyo.

Mwaka haukuwa umekwisha pale binti yake alipoacha kucheka na watu kuhusu Bosi. Aliomba ruhusa kazini, akamwambia mama yake, "Twende kliniki. Sitaki kwenda peke yangu."

Walikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Nesi aliyewapokea alikuwa mtu mzima, amevua kiatu kimoja chini ya meza kuupumzisha mguu uliovimba. Alimpa Bosi vijiti vya rangi avipange, na Bosi akavipanga vizuri kuliko alivyoonyeshwa. Alimwonyesha picha ya paka, akamuuliza ni nini. Bosi akaigeuza picha kutazama nyuma yake. Ndipo nesi akafungua mwongozo, akafuata mistari kwa kidole. Kamusi alilitambua jalada.

"Kwa upande wa kusema," nesi alisema, "mtoto yuko chini ya kaida."

"Kaida ndiyo nini?" binti aliuliza.

Nesi alitafuta ukurasani, hakuona kitu. "Ni kusema kwamba… si wa kawaida, mama. Lakini usijali, tutampeleka mbele, kwa wataalamu."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na kitabu hakikumpa neno lingine. Binti aliitazama sakafu, akaanza kumfunga Bosi kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Kamusi alitaka kueleza, lakini nyuma yao akina mama walikuwa wamepakata watoto wanaolia, akachukua mkoba wake akainuka.

Njiani Bosi alitangulia, mikono nyuma. Walipofika penye kivuli cha ukuta wa shule, Kamusi aliomba wapumzike.

"Kile kitabu nimekifasiri mimi," alisema.

"Najua. Nani mwingine angesema kaida?"

Kamusi alitaka kucheka, pumzi haikutosha. Akamweleza basi, pale pale ukutani, habari za skwea na ubao, za wastani, na za aya iliyokatwa. "Neno lile linasema wengi wa umri wake wamefika wapi. Halikusema yeye ni mbaya."

"Kwa hiyo hana tatizo?"

Jibu tamu lilikuwa karibu sana, na Kamusi aliliacha lipite. "Sikusema hivyo, mwanangu. Nesi kapima sawasawa. Nadhani mtoto hatusikii. Nimekuwa nikidhani hivyo muda mrefu, nikawa najikaza tu."

Binti alisimama nyuma ya mtoto, akapiga makofi kwa nguvu. Bosi aliendelea kuchungulia siafu waliokuwa wakipita chini ya ukuta. Alipiga tena. Kisha akachuchumaa, akamkumbatia, na safari hii alilia waziwazi mbele za wapita njia.

Mtaalamu wa masikio alithibitisha: sikio moja halikusikia kabisa, la pili lilipata ngurumo na milango ikibamizwa. Kifaa kingesaidia kidogo. Kilichohitajika zaidi ni lugha ya alama, na mapema, kwa mtoto na kwa wote anaoishi nao.

Kamusi alirudi kwa mhariri na kumsimulia yote, pole pole, bila kumlaumu. Mhariri aliacha chai ikapoa. Kitabu kilipochapishwa tena, aya haikurudi, kwa kuwa kurasa zilikuwa zimeshapangwa. Lakini chini ya ukurasa wa kwanza iliingia sentensi moja kwamba kaida ni wastani wa wengi, na kwamba mtoto aliye chini yake apimwe kwanza masikio na macho. Kama manesi waliisoma au la, Kamusi hakujua.

Jumamosi walianza kwenda darasani wote watatu. Mwalimu mwenyewe alikuwa kiziwi, kijana mwenye uso unaobadilika kama mawingu. Binti alishika upesi, kwa mikono iliyozoea kukunja mashuka. Bosi alishika kuliko wote. Ndani ya majuma machache aliacha kufunga mikono nyuma, kwa sababu sasa ilikuwa na kazi, na ikajulikana kwamba alikuwa na malalamiko mengi sana.

Kamusi alikuwa wa mwisho. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, na alama ya jana ilitoroka kabla hajafika nyumbani. Jioni moja alikaa kitandani akijaribu kumwambia mjukuu wake alale. Alikosea. Bosi alimtazama kwa subira ya mtu aliyeajiri wazembe, akamshika kidole cha kati, akakikunja mahali pake, akasubiri arudie.

Alirudia. Kidole kilimuuma. Akarudia tena.