Fundi wa Sare na Lengo Lake Moja la Mwaka

Nilikuwa nimeshaandika aya tatu za safu ya wiki hii, ile safu ambayo sisi waandishi huiandika kila mwaka unapokaribia kwisha: malengo ya mwaka mpya, namna ya kuyapanga, na kwa nini yanatushinda. Simu ikaita. Alikuwa jirani yangu wa zamani wa Kilosa, mwenye duka dogo la vyakula pale Magomeni ya mji ule, na hakuzunguka. "Mwalimu, fundi wetu ametutoka asubuhi hii." Nikauliza fundi yupi, ingawa nilishajua. Kwa sisi tuliowahi kuishi mji ule, ukisema "fundi" bila kutaja jina ni yule mama aliyeshona sare za shule kwa karibu miaka thelathini, kwenye kibanda chenye mlango wa bluu, jirani kabisa na duka hilo. Aliugua kifua wiki mbili tu. Nilipokata simu nilizisoma tena aya zangu tatu, nikaona kwamba karibu kila neno la maana lililokuwamo nililitoa kwake, na sikuwa hata nimemtaja. Nikazifuta.

Nilimfahamu kwa sababu ya suruali. Miaka ile nilifundisha sekondari Kilosa na nilipanga chumba eneo la Mabwerebwere. Januari moja nilimpelekea suruali mbili azipanue kiunoni, na nilipozifuata siku ya tatu nilikuta kibanda kimejaa wazazi na watoto, kama ilivyo kawaida ya Januari, naye katikati yao, futi kamba shingoni, akimpima bega msichana mmoja wa darasa la nne. "Shikamoo, fundi," nikasema. "Marahaba, mwalimu. Suruali zako tayari. Na hii ilikuwa mfukoni." Akanikabidhi karatasi iliyokunjwa. Yalikuwa malengo yangu ya mwaka, kumi na mawili, nimeyapanga kwa namba na kuyapigia mstari. "Unisamehe, nimeisoma," akasema. "Nilidhani ni vipimo."

Ningeondoka hapo hapo ningepona. Lakini nilibaki kumshukuru, naye akauliza, bila nia yoyote mbaya: "La kwanza umeandika utapunguza mwili, si ndiyo?" Nikaitikia. "Sasa mbona umeniletea suruali nizipanue?" Foleni nzima ilicheka. Mzazi mmoja alikuwa baba wa mwanafunzi wangu, kwa hiyo kufikia Jumatatu kidato cha pili chote kilikuwa na habari. Fundi mwenyewe hakucheka. Alisubiri kelele zitulie, akaniuliza taratibu kati ya yale kumi na mawili nimeshaanza lipi. Nikamwambia mwaka wenyewe ndio kwanza una siku tisa. "Sikuuliza umemaliza lipi, mwalimu. Nimeuliza umeanza lipi." Mpaka leo sijui kama kuna swali la mtihani lililowahi kunikwamisha namna ile.

Tangu siku hiyo tukawa watu wa kuulizana malengo kila mwaka mpya. Alinieleza utaratibu wake. Yeye alijiwekea jambo moja tu kwa mwaka. Alimwambia mtu mmoja, na papo hapo akataja siku ya kuanza, ambayo ilikuwa lazima iwe ndani ya Januari, hata kama kuanza kwenyewe ni kwenda kuuliza tu. Desemba alitoa taarifa kwa mtu yule yule: nimeweza, au nimeshindwa. Sababu hazikuruhusiwa. Mwaka ule alinichagua mimi niwe mtu wake, nadhani kwa kuwa nilikwisha kuaibika mbele yake na hakukuwa tena na sababu ya kuoneana haya. Hata nilipohamia Morogoro aliendelea kunipigia simu. Na msidhani aliweza kila mwaka. Mwaka wa kuacha sukari alifika katikati ya Februari, akashindwa na chai ya msibani. Mwaka wa kujifunza kuandika ujumbe kwenye simu ya kugusa alinitumia herufi tatu zisizosomeka, kisha akapiga. "Nimeshindwa, mwalimu. Vidole vyangu vimezoea sindano." Akacheka, akakata.

Mwaka alioniambia anataka kuingia hifadhi ya Mikumi nilidhani ananitania. Alikuwa mzaliwa wa wilaya ile, mtu mzima mwenye wajukuu, na tembo alikuwa amewaona mara nyingi tu, lakini wote kwa dirisha la basi, akipita na safari zake. "Watu wanapanda ndege kuja kuwaona," aliniambia, "na mimi jirani yao sijawahi kupiga hodi." Januari alikwenda kuuliza getini utaratibu ukoje. Mwezi wa saba yeye na wenzake watatu wa kwaya walikodi gari, wakavaa vitenge vya sare alivyoshona mwenyewe, wakaingia. Wenzake ndio walionisimulia kilichotokea. Walikuta tembo jike amesimama kando ya njia, mkubwa, masikio yamechakaa pembeni. Dereva akazima gari. Fundi akainamisha kichwa kidogo dirishani, akasema kwa heshima zote, "Shikamoo." Mwenzake akamfinya: "Unamwamkia mnyama?" Akajibu kwa kunong'ona, "Kwani humwoni alivyo? Huyu ni mkubwa kwangu."

Nimekuwa nikimfikiria wiki hii huku nikiangalia simu yangu. Makundi yote niliyomo, la ukoo, la waliosoma pamoja, la kanisani, yamejaa picha za machweo zenye maandishi ya dhahabu: mwaka wa kuvuka, mwaka wa kupaa, mwaka wa milango kufunguka. Vijana wa mtaani kwangu wanaweka malengo yao hadharani na kupongezwa na watu mia moja kabla hawajafanya lolote, na baada ya kupongezwa namna hiyo sioni kwa nini mtu ahangaike tena. Siwacheki, maana mimi nilikuwa bingwa wao, tena kwa karatasi na rula. Maofisini nako tumejifunza kuandaa mpango kazi wenye majedwali ya rangi, na nimewahi kukaa kwenye semina ya siku mbili ya kujifunza kuupanga mwaka ambayo yenyewe haikuanza kwa wakati. Tumelipenda neno "malengo" kwa kuwa ni la wingi. Yakiwa mengi, hakuna hata moja linalotukazia macho. Mkulima wa milimani kule Kilosa hana maneno haya yote, lakini anajua mvua ikinyesha kesho atashika jembe upande gani wa shamba, na fundi, ingawa aliishi mjini, alikuwa mtoto wa wakulima wale.

Sasa niseme juu ya Malolo, kijiji ambacho hakupenda kukitaja. Ndiko alikozaliwa, na huko alikuwa na mdogo wake wa kike aliyebaki kulima na kumtunza mama yao. Mama alifariki mwezi wa Januari. Taarifa ilimfikia fundi siku ya Alhamisi, juu ya meza kukiwa na sare ambazo wazazi walikuwa wanazisubiri, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Akajiambia atashona usiku na mchana, Jumamosi alfajiri atasafiri na atawahi. Mvua ikanyesha, gari likanasa kwenye matope njiani, akafika Jumapili. Mdogo wake alimkuta uani, mbele ya waombolezaji, akamwambia: "Tumemzika jana. Rudi ukamalizie sare zako." Fundi aligeuka. Aliondoka na gari lile lile lililomleta. Hawakusemeshana tena kwa miaka saba.

Mwaka wa saba aliniambia: "Mwalimu, mwaka huu nakwenda Malolo." Nikauliza ataanza lini. Akasema wiki ile ile. Nilishangaa, maana hiyo ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, wiki inayomlisha fundi wa sare kwa miezi. Jirani yake mwenye duka alishuhudia asubuhi ile anafunga mlango wa bluu huku wazazi wamesimama nje. Baba mmoja alipandisha sauti: "Mama, shule Jumatatu, wewe unafunga? Mwanangu aende uchi?" Fundi alizungusha ufunguo, akageuka. "Mwanao ana sare ya mwaka jana, ataivaa wiki moja na atasoma vizuri tu. Mimi mama yangu nilikosa kumzika kwa sababu ya sare." Hakuna aliyejua jambo hilo Magomeni yote, alikuwa hajawahi kulisema. Yule baba alichukua mfuko wake wa kitambaa, akasema, "Safari njema, mama," akaondoka.

Alipofika Malolo alimkuta mdogo wake shambani akipalilia mahindi. Mdogo alimwona, akainama akaendelea. Watu wa kule wanajua uzito wake: mdogo hamwoni mkubwa akanyamaza, ni lazima aamkie. Fundi alinisimulia akiwa ametulia kabisa. "Shikamoo ile nilikuwa naisubiri miaka saba, mwalimu. Nikiwa njiani bado naisubiri. Nilipomwona mgongo wake, kainama vile vile kama mama, nikaona naweza kusimama pale kwenye kingo hadi jua lizame." Hakusimama. Alikaza kanga kiunoni, akachukua jembe la akiba lililolala chini, akaingia mstari wa pili. Walilima bega kwa bega bila neno, labda saa nzima. Kisha mdogo akasimama, akamtazama, akasema: "Dada, hayo unayokata ni mahindi." Fundi aliangalia nyuma. Miaka mingi ya cherehani ilikuwa imemsahaulisha jembe, alikuwa ameacha magugu na kufyeka mahindi nusu mstari. Akaanza kucheka, mdogo akajizuia, akashindwa, wakakaa chini wote wawili kwenye udongo wakicheka, na katikati ya kucheka mdogo akalia. "Shikamoo, dada," akasema. "Marahaba," fundi akajibu. "Nisamehe kuchelewa." Desemba ile taarifa yake kwangu ilikuwa neno moja tu.

Tumemzika Malolo, kando ya mama yake, kama alivyoomba. Mimi nilitoka Morogoro, nikawasubiri waliotoka Kilosa pale Mikumi mjini, tukaongozana. Kwaya iliimba vizuri, kasisi alisema maneno machache, jambo ambalo marehemu angelisifu. Baada ya mazishi nilikwenda kumpa pole mdogo wake. Ni mwanamke mwembamba, mikono migumu, na alinishika mkono kwa muda mrefu akitaka kujua kama mimi ndiye yule mwalimu wa suruali. Nikakiri. Akatabasamu, kisha akaniambia: "Tulipata miaka minne, mwalimu. Kila Januari aliacha cherehani wiki nzima akaja tukapalilia, na kila mwaka alikata mahindi. Asingekuja ile mara ya kwanza, leo ningekuwa namzika mtu ambaye sijamwamkia miaka kumi na moja. Mimi nisingekwenda kwake. Nakwambia kweli, nilikuwa namsubiri yeye."

Nimerudi nyumbani na maneno hayo. Nilikuwa nikiamini fundi alifanikiwa kwa sababu ya utaratibu wake: jambo moja, mtu mmoja, siku moja. Utaratibu ule ni mzuri, na yeyote anayetaka na auchukue. Lakini utaratibu haukufunga ule mlango wa bluu wiki ile. Alichokifanya ni kuchagua jambo lililomtisha kuliko yote, akaliweka mwanzo wa mwaka badala ya mwisho, na akakubali kulipia kwa kitu alichokihitaji. Malengo mengi tunayoyaandika yanatuhusu sisi wenyewe: viuno vyetu, kazi zetu, nyumba zetu. Si dhambi. Ila katika kila mwaka kuna moja ambalo liko nyumbani kwa mtu mwingine, na mtu huyo anasubiri, pengine kwa hasira, pengine bila kujua kwamba anasubiri, na miaka ya kusubiriana haina ahadi ya kuongezwa. Hilo ndilo la kuanza nalo.

Langu liko Dodoma. Nina kaka yangu mkubwa huko, tuligombana juu ya jambo ambalo wake zetu walishalisahau, na mara ya mwisho kuingia nyumbani kwake mwanangu wa mwisho alikuwa hajazaliwa. Nimekata tiketi ya basi la Jumamosi. Sijampigia simu, kwa kuwa najua simu itanipa nafasi ya kuahirisha. Nitafika mchana, nitagonga, na atakayefungua atanikuta nimesimama.