Mimba Nyuma ya Kufuli

Nakumbuka asubuhi moja nilisomewa dua ya kufukuzwa, mwanangu, nami ni mzima, nimekaa chumbani na mimba ya miezi saba.

Nilikuwa nimepimwa kliniki nikakutwa na virusi vya UKIMWI. Kwa aibu, mimi na dada yangu tukatangaza mtaa wetu wote wa Kasingirima kwamba nimesafiri kwenda Kasulu. Uongo ule ukanifunga, maana aliyesafiri haonekani uani. Dada aliniletea dawa nami nilizimeza bila kukosa, hilo najisifu. Kila asubuhi akienda Kibirizi kuuza dagaa alitia kufuli kwa nje, na madirisha niliyaziba kwa vitenge. Miezi mitatu jua halikunigusa. Mapaja yakaanza kuuma mpaka ndani ya mfupa, nikawa natembea kwa kushika ukuta.

Majirani wakasikia. Nyumba ina kufuli, na ndani mtu anaburuta miguu. Wanawake wakanong'ona kwamba nimefia Kasulu na kivuli changu kimerudi. Leo nacheka, siku ile nilipowasikia nilijishika mkono kuhakikisha una joto.

Ndipo wakaja na ubani na dua. Moshi ukapenya chini ya mlango. Bi Tatu, bibi wa nyumba ya pili, akasogeza mdomo kwenye ufa wa dirisha, akasema taratibu, "Kama u mtu, itika. Kama umekufa, tuachie nyumba."

Mwanangu, hata mimi nikajiuliza kama ni mzima. Niliogopa. Nikasubiri mtoto acheze tumboni, akakawia, akakawia. Alipocheza nikasema, "Ni mimi, bibi. Tuko wawili."

Wakavunja kufuli. Wakanipeleka kliniki, nesi akasema dawa za virusi zimefanya kazi yake, ila maumivu yale yanafanana na ya upungufu wa vitamini D, ambayo mwili huitengeneza ukipata jua, na mjamzito anaihitaji kwa mifupa yake na ya mtoto. Akanipa vidonge, akaniamuru nitoke nje. Mtoto wangu yule wa tumboni alizaliwa kabla ya wakati, mwepesi mno, lakini hana virusi. Kama ni giza lile lililomharakisha, nesi hakuweza kuniambia, nami sitajua mpaka nizikwe. Hilo linaniuma kuliko mapaja.

Basi wewe uliyepimwa juzi na tumbo limeanza kuonekana, meza dawa zako, mwambie nesi kila kinachouma, na utoke nje uonwe. Wakisema, waseme. Mungu akufungue salama, akupe mtoto mzito mkononi, na alie kwa nguvu mtaa mzima usikie.