Amina ya Columbus

Siku ya kwanza kumwona Liberati, alikuwa amelala juu ya mtu. Ilikuwa Louisville, Amerika, mwaka 2016, Jumamosi mchana, kwenye sherehe ya ubatizo nyumbani kwa Birindwa. Wanaume wawili waligombana juu ya vita vya kwetu Kivu, kabila gani lilianza kuua jingine, na mmoja akavunja chupa ya bia akamchoma mwenzake shingoni. Damu iliruka mpaka kwenye keki. Aliyechomwa akaanguka, na yule wa chupa akamfuata chini ammalize. Ndipo mzee mmoja mwembamba, mwenye koti la kazini, akajilaza juu ya majeruhi kama anamfunika mtoto asinyeshewe na mvua, akalibana lile jeraha kwa kiganja. Chupa ilimchana mgongoni mara mbili kabla hatujamkamata aliyeishika.

"Papa, toka hapo!" watu walipiga kelele.

"Nitatoka akichoka," alijibu.

Jumatatu nilimkuta ghalani nilikofanya kazi, mgeni katika zamu yetu, anabandika karatasi kwenye maboksi kwa mkono wa kulia tu. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikuwa vimepinda na havikunjuki. Shati lake lilikuwa na doa la damu mgongoni. Nilimwambia aende nyumbani. Akasema nyumbani hakuna wa kuongea naye. Mimi si mtu wa maneno, na nadhani ndiyo sababu alinichagua. Miaka minane tulikula pamoja mapumziko ya mchana, yeye akiongea na mimi nikitafuna.

Aliongea juu ya chama. Mwaka 1990, Zaire iliporuhusu vyama vingi, watu kumi na mmoja walikutana Bukavu katika karakana ya seremala. Walikuwamo katekista, muuguzi, mchungaji wa Kiprotestanti, walimu, na Liberati, aliyekuwa anatengeneza madawati ya shule. Walitoka makabila manne. Waliandika kanuni sita katika daftari la mwanafunzi. Mtu ni mfano wa Mungu kabla hajawa raia wa nchi yoyote. Linaloweza kuamuliwa na familia au kijiji, serikali kuu isiliguse. Mali ni ya mwenyewe, ila jirani mwenye njaa ana haki kwayo. Anayefanya kazi aishi kwa kazi yake. Ya tano, chama si kanisa. Ndani ya chama sala haichukui nafasi ya kura. Na ya sita, hakuna mwanachama atakayeshika wala kubariki silaha ili kupata madaraka.

"Donc, kumbe mlikuwa wapole tu," nilimwambia siku moja.

"Wapole? Seremala mwenye karakana tulimkuta amepigiliwa misumari kwenye meza yake."

Hiyo ilikuwa katika vita vya 1996. Askari walichoma karakana, wakamkamata Liberati, wakataka awaonyeshe bunduki za chama. Aliwaambia hazipo. Hakuna aliyemwamini, kwa maana chama gani kinakosa bunduki? Wakataka majina ya wenzake. Kila jina alilokataa kulitaja, walivunja kidole kimoja kwa nyundo. Jina la nne hawakuuliza, kwani walianza kupigwa risasi na askari wengine. Katika wale kumi na mmoja alibaki yeye peke yake, na zile kanuni alikuwa nazo kichwani.

Nilijiunga. Amerika chama kilikuwa na matawi matatu, Louisville, Columbus na Buffalo, watu kama mia moja hivi. Mkuu wetu alikuwa Bagula wa Columbus, dereva wa lori, mtu mwenye nguvu na machozi ya karibu. Sisi hatufungui mkutano bila sala, na sala yetu si fupi. Mwenyekiti anaomba, wote tumefumba macho, na kila akipumua tunaitikia amina. Tumefanya hivyo tangu utoto. Mdomo unaitika wenyewe.

Vita viliporudi kwetu mwaka jana, Bagula alipigiwa simu kwamba mama yake amefungiwa ndani ya nyumba na kuchomwa. Tangu siku ile alitaka jambo moja: chama kiandike barua ya kuwaunga mkono vijana wa kwetu walioshika silaha. Kanuni ya sita ilikuwa inamzuia. Kuifuta kulihitaji mkutano mkuu na kura ya mikono. Vijana kule porini walikuwa wameahidi kuisoma barua ile redioni, na kila mzazi aliyetuamini angejua kwamba hata sisi tumekubali, na angempeleka mwanawe vitani. Liberati alikuwa analiogopa hilo hasa.

Tulikutana Columbus, katika ukumbi nyuma ya duka la vyakula vya Kiafrika pale Morse Road. Liberati alikuwa amejiandaa kusema baada ya sala. Bagula akasimama, tukafumba macho.

"Bwana, wakumbuke wajane."

"Amina."

"Uwakumbuke watoto waliolala porini."

"Amina."

"Uwafariji mama zetu waliochomwa."

"Amina!"

"Nasi watoto wako leo tunaifuta kanuni ya sita, tunasimama na vijana wetu wenye silaha."

"Amina!"

Na mimi niliitika, tena kwa nguvu. Nilipofumbua macho, katibu alikuwa tayari anaandika.

"Bon," Bagula alisema, "imepita kwa sauti moja."

Liberati akasimama. "Mimi sikuitika."

"Papa, unaikataa sala?"

"Sala naipokea. Kura haijapigwa. Sema tena watu wakiwa na macho wazi, uhesabu mikono."

"Mama yangu amekuwa majivu, na wewe unanisomea daftari?"

"Bagula, mama yako nimekula kwake. Alinificha siku tatu chini ya magunia ya muhogo. Hakuniuliza kabila wala bunduki."

Kama asingemtaja yule mama, labda tungetoka salama. Kijana mmoja nyuma ya Bagula akapaza sauti, "Huyu mzee amenunuliwa na waliomchoma!" na kiti cha chuma kikaruka. Kilimpata Liberati chini ya sikio, na sauti ya taya kuvunjika niliisikia kutoka mwisho wa ukumbi. Kisha ukumbi wote ukawa ngumi. Jirani alimpiga jirani. Mtu na shemeji yake waling'atana. Mwanamke mmoja alimpiga mtu usoni kwa sufuria ya wali wa moto, akabaki analia akiokota wali. Mimi nilisimama ukutani. Nilimwona Liberati anatambaa kati ya miguu, mkono mmoja umeshika taya, na buti moja likamkanyaga vile vidole vilivyopinda. Sikusogea mpaka polisi walipoingia.

Madaktari walimfunga taya kwa waya. Binti yake Chimène akamchukua kwake Buffalo, mtaa wa Riverside, akamlisha uji kwa mrija wiki sita. Wakati huo barua ya Bagula ilikuwa inazunguka matawini, kwani daftari la katibu lilisema kanuni imefutwa. Louisville walitia sahihi, Columbus walitia sahihi. Bila sahihi ya Buffalo barua isingetoka, ndivyo sheria yetu ilivyo. Niliomba ruhusa kazini nikaendesha gari siku nzima katika theluji.

Chimène alinifungulia mlango. "Kaka Jovini, mwambie asiende. Waya umetoka juzi tu."

"Ameshavaa koti," nilisema, maana nilimwona nyuma yake.

Tawi la Buffalo lilikutana Jumapili mchana katika chumba kidogo karibu na Bailey Avenue, watu thelathini na wachache. Bagula alikuja na vijana wanne. Alisoma barua, kisha akaanza kuomba. Liberati akapiga meza.

"Macho wazi!" Taya lake halikufunguka vizuri, maneno yalitoka kama yanapita katika ufa. "Kanuni ya tano. Sala si..."

Kijana mmoja akamsukuma. Aliangukia pembe ya chuma ya hita ya ukutani, mbavu zikalia. Akajaribu kuinuka, akapigwa teke la kifua, halafu jingine. Chimène alimrukia kijana mgongoni akimng'oa nywele. Liberati alitema damu nyekundu yenye povu juu ya sakafu, na bado alikuwa ameinua kidole kimoja kama mtu anayeomba zamu ya kusema.

Sijui nilifikaje mbele. Sijawahi kusema mbele ya watu, hata kanisani.

"Mimi nilikuwa Columbus," nilisema. "Niliitika amina nikidhani ni sala. Sikukubali silaha. Ile amina naiondoa."

Ngumi ilinipata mdomoni. Jino likaanguka juu ya ulimi wangu, nikalitema, nikasema tena. Ndipo Mama Gracieuse wa tawi la Buffalo, aliyekaa mstari wa mbele, akasimama na mkoba wake kifuani.

"Na mimi nilikuwako!" alipaza sauti. "Jovini anasema ile amina anaiondoa, na mimi naiondoa yangu! Nipigeni basi, wanaume!"

Hakuna aliyempiga. Watu wakaanza kuinua mikono bila kuombwa, na katibu ikambidi ahesabu. Kumi na tisa walikataa, kumi na wanne walikubali. Bagula aliichana barua mwenyewe, akakaa sakafuni karibu na Liberati, akajishika kichwa akilia kwa sauti, "Mama, mama." Liberati alimwekea mkono mbovu gotini mpaka ambulansi ilipofika.

Mbavu mbili zilikuwa zimetoboa pafu. Nilimwona hospitali Jumanne, alifariki Alhamisi. Jumanne ile alikuwa na mrija puani na alinong'ona, ikabidi niinamishe sikio. Nilidhani atanipa neno la chama, au la Chimène.

"Jovini," alisema, "wa nyuma walimsikia Gracieuse, si wewe. Siku nyingine piga kelele."