Mjane Hakupiga Magoti

Nilifundisha Shule ya Jumapili zaidi ya miaka thelathini, mwanzo Bariadi mjini, baadaye huku kijijini tulikohamia. Habari ya mjane na hakimu nilikuwa naimwaga bila hata kufungua kitabu. "Yule mjane alifanya nini?" Watoto mkekani wanapaza sauti: "Alisali, Mwalimu!" "Alichoka?" "Hakuchoka!" Tunapiga makofi, tunaimba, kila mtu kwao. Upuuzi mtupu, na mwenye upuuzi ni mimi.

Mume wangu alipofariki aliniachia nyumba, ng'ombe sita na ngitili. Kwa asiyetoka Simiyu, ngitili ni kipande cha malisho tunachokifunga mvua zinapoanza. Mnyama haruhusiwi kuingia, majani yanaachwa yakue, ili kiangazi kikali kiwakute ng'ombe wana cha kula. Ya kwetu tuliizungushia ua wa minyaa kwa mikono yetu, mimi na marehemu, nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Haihitaji mlinzi. Mtu akiona minyaa anageuza ng'ombe wake, hata awe amelewa.

Shemeji yangu hakugeuza. Mwezi wa tatu, mvua bado inanyesha, alikata minyaa upande wa mtoni akaingiza kundi zima. Nilipomfuata, hata kuniangalia hakuniangalia. "Shemeji, mwanamke na ngitili wapi na wapi? Hii ni ya ukoo." Ya ukoo! Siku tunachimba mashimo ya minyaa, huo ukoo ulikuwa wapi?

Nikafanya nilichokuwa nafundisha. Akina mama wa kanisa walikuja kila Jumatano, tukapiga magoti sebuleni kwangu. "Vumilia mayu, vumilia mama, Mungu anaona." Sawa, anaona, na shemeji naye alikuwa anaona majani yanavyoisha. Kiangazi kilipofika ng'ombe wangu walikuwa wanalamba vumbi. Wawili walikufa, mmoja ni yule mweupe aliyekuwa anaijua sauti yangu. Nililia zizini mpaka nikachoka, na Jumatano nikapiga magoti tena.

Siku moja mchana, baada ya kuanika choroko, nilifungua Luka ili niandae somo. Nilisoma polepole kwa sababu miwani yangu ina ufa. Nikarudia. Jamani! Yule mama ndani ya habari hapigi magoti hata mara moja. Anakwenda. Anamwendea hakimu, mtu asiyemcha Mungu wala kumjali binadamu, anadai haki yake, anarudi, anarudi tena, mpaka hakimu mwenyewe anaona mama huyu atamchosha. Bwana alisema ni habari ya kusali bila kukata tamaa, na hilo sibishi. Lakini sala ile ilikuwa na miguu! Miaka yote hiyo nilimkalisha yule mama chini kwa sababu mjane aliyekaa chini hasumbui mtu. Nilifunga Biblia kwa nguvu, paka akakimbia.

Jumatatu nilikuwa kwenye baraza la kata. Mwenyekiti akasema njoo wiki ijayo. Nikaja. Faili halionekani. Nikaja. Shemeji yako hajafika. Nikaja, nikakaa kwenye benchi mlangoni kabisa, ili akitoka kwenda kunywa chai anikanyage au aniruke. Jumatatu ya saba mwenyekiti alisimama mbele yangu, mtu mzima mwenye kitambi chake, akanitazama kwa huruma.

"Shikamoo Mwalimu. Hujanikumbuka? Ulinifundisha kule Bariadi. Sasa mbona hivi, Mwalimu wangu? Si wewe uliyetuambia habari ya yule mjane, kwamba alisali akavumilia? Mimi mpaka leo nawaambia hivyohivyo wajane wote wanaokuja hapa."

Ndipo nikamkumbuka. Alikuwa anakaa mbele kabisa mkekani, anajibu kwa sauti kuliko wote. Wajane wote! Wangapi walifika mlangoni hapo na shida kama yangu, wakarudishwa nyumbani kwa maneno yangu mimi? Hasira yangu kwa shemeji ilikuwa cha mtoto. Hii ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Nilikufundisha vibaya," nikamwambia. "Toa karatasi. Andika siku mtakayokuja kukagua minyaa yangu. Ukimaliza, niandikie majina ya hao wajane, mmoja mmoja, na wanakokaa. Nitawapitia."

Nilimfuata mpaka mezani kwake, akaandika siku ya kukagua, Alhamisi. Kisha akaweka kalamu chini.

"Lakini Mwalimu, wengine ni wa zamani sana. Siwakumbuki."

"Basi wakumbuke," nikasema, nikarudi kukaa kwenye benchi.