Ndege ya Jumamosi au ya Jumapili? Mpiga pasi wa melini njia panda

Kitendawili! Itikia "tega" hata kama umekaa peke yako, hakuna atakayekucheka. Nina nyumba yenye vitanda elfu mbili na jiko lisilozimika, lakini ukichelewa mlangoni, nyumba nzima inaondoka na kitanda chako. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nikishaupata nitakwambia: ni meli ya watalii.

Saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi. Mwanamke anayelala ndani ya nyumba hiyo miezi tisa ya kila mwaka amesimama kwenye kibanda cha mbao ambacho hakifikii hata ukubwa wa lifti ya meli yenyewe. Mkononi ameshika pasi ya mkaa. Anachovya vidole kwenye kopo la maji, anarusha matone kwenye kitako cha pasi, kisha anasikiliza.

"Bado," anasema mzee aliyekaa kwenye stuli nyuma yake. "Hiyo inanung'unika tu. Ngoja itukane."

Mwanamke anapepea mkaa, anarusha matone tena. Pasi inatoa mlio mkali, mfupi.

"Haya, sasa imetukana," mzee anasema. "Anza na kola."

Mzee huyo ni baba yake. Mtaani wanamwita Mzee Mstari, kwa sababu ya ule mstari aliokuwa akiuweka kwenye suruali. Wateja wake wa zamani wanasema ungeweza kuukatia kitunguu. Binti yake naye ana jina la kupewa: wenzake wa melini wanamwita Mapema. Jina hilo lina kisa chake, na kisa hicho ndicho kinachomnyima usingizi wiki hii.

Mapema ana umri wa miaka arobaini na sita. Kwa miaka kumi na moja amekuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha meli, chini kabisa, mahali pasipo na dirisha. Anafanya kazi saa kumi kwa siku, bila Jumapili, mpaka mkataba wa miezi tisa uishe. Kisha anarudi nyumbani miezi miwili, na likizo yenyewe anaimalizia kwenye kibanda cha baba yake.

"Kule hakuna mkaa," anasema huku akigeuza shati. "Kuna mashine ya mashuka, ndefu kama kitanda cha watu wanne. Shuka linaingia bichi huku, linatoka limenyooka kule. Ila mashati ya maofisa ni ya mkono. Hapo anayepiga pasi ni baba, mimi namwazima mikono tu."

"Na hujawahi kunirudishia," mzee anadakia.

Mshahara wa mikono hiyo ndio unaomsomesha bintiye wa pekee, aliye mwaka wa pili katika chuo cha ufundi wa umeme. Ndio ulioezeka nyumba wanayoishi watatu hao. Dunia ameizunguka, lakini mwenyewe anasema ameiona kidogo. Bahari anaijua kwa jinsi sakafu inavyoinama.

Sasa likizo imekwisha. Meli inang'oa nanga Jumapili jioni, katika bandari ya nchi nyingine, na mlango wa wafanyakazi unafungwa mapema zaidi, alasiri. Ofisi inayowasafirisha mabaharia imemwekea nafasi katika ndege mbili. Moja inaondoka Jumamosi asubuhi. Akiipanda hiyo, atalala hotelini karibu na bandari, na Jumapili ataingia melini kwa miguu, mbichi kama mchicha. Nyingine inaondoka Jumapili alfajiri, inabadilishwa njiani, na ikienda vizuri itamfikisha saa chache kabla mlango haujafungwa.

Ikienda vizuri. Maneno hayo mawili Mapema ameyageuza kichwani kama shati lisilokauka.

Karani wa ofisi ya safari, msichana mwenye sauti ya kubembeleza, hakumung'unya maneno. "Mama, mimi nakushauri Jumamosi," alimwambia Jumatatu. "Ndege ya Jumapili ikipata homa hata kidogo, meli haina undugu na mtu. Nitakushikia viti vyote viwili mpaka Alhamisi saa sita. Baada ya hapo kimoja nakitoa."

Kwa miaka yote mingine asingeulizwa mara mbili. Jina Mapema hakulipata bure. Katika mkataba wake wa tatu, meli ilitia nanga kwenye mji mmoja na wafanyakazi wakaruhusiwa kushuka. Saa za melini ni za nahodha. Mji ukiwa na saa yake, meli haiifuati; ina yake. Siku hiyo saa ya meli ilikuwa mbele ya saa ya mji kwa saa moja. Mapema, mwenye saa ya mkononi iliyofuata ya meli sawasawa, alipita chini ya saa kubwa ya sokoni, akaona hazifanani, akajicheka kwa kuishi na saa mbovu. Akaigeuza ya kwake ifanane na ya soko.

"Nikanunua viatu vya mtoto, nikatembea kama bibi harusi," anakumbuka. "Nafika gatini, naona mgongo wa meli. Mkubwa hivi, halafu unapungua, unapungua. Nimesimama na mfuko wa viatu."

Aliifuata meli kwa ndege mpaka bandari iliyofuata, akapewa onyo la maandishi. Kanuni ya kampuni yake ni fupi: ukiachwa mara ya pili, usije tena. Tangu hapo, safari yoyote ya kwenda kuipanda meli yeye hufika siku moja kabla. Wenzake wakifika na jasho, wanamkuta amekaa juu ya begi anakula karanga.

"Watu wanasema kawia ufike," anasema. "Hiyo si methali ya melini. Melini ukikawia, hufiki."

Basi kwa nini safari hii anasita? Sababu iko nyuma yake, kwenye stuli.

Kiasi cha mwaka mmoja uliopita, suruali za Mzee Mstari zilianza kutoka na mistari miwili. Kwa mpiga pasi hiyo ni aibu ya kufungia kibanda: umeweka mkunjo, hukuuona, ukaweka mwingine kando yake. Mafundi wa pasi huuita reli. Mteja mmoja, mwalimu wa shule ya jirani, aliirudisha suruali yake akiwa ameikunjua mbele ya watu.

"Mzee," alisema, "hii reli ni nzuri, lakini sijaambiwa treni inapita saa ngapi."

Watu walicheka, na mzee akacheka kuliko wote. Kesho yake mwalimu alileta suruali nyingine, ikarudi na reli tatu. Hapo hakucheka mtu. Mwalimu ndiye aliyemfuata bintiye Mapema chuoni na kumwambia, "Binti yangu, babu yako haoni. Anatudanganya sote, tena kwa ustadi."

Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mzee alikuwa akipiga pasi kwa kidole gumba, anafuata mshono kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Aliwatambua wateja kwa kikohozi na kwa mwendo.

"Mimi mwenyewe alinipiga chenga," anasema Mapema. "Likizo iliyopita nilifika na gauni jipya. Akaniambia, 'Mama yangu, hilo la bluu limekukaa.' Lilikuwa la manjano. Nikadhani ananitania."

"Nilikuwa nakutania," mzee anasema.

"Baba."

"Haya. Nilibahatisha. Rangi za gauni ni ngapi? Ningeweza kupata."

Daktari wa macho hufika katika hospitali yao mara mbili kwa mwezi. Mzee alipangiwa jicho la kwanza wiki mbili zilizopita, lakini asubuhi ya siku yenyewe presha ikapanda, akarudishwa nyumbani na vidonge. Sasa presha imetulia. Atapasuliwa kesho, Ijumaa. Bandeji itafunguliwa Jumamosi saa nne asubuhi, na saa nne hiyo ndege ya Jumamosi itakuwa tayari juu ya mawingu. Kusogeza haiwezekani, wagonjwa wamepangwa kama sahani kabatini.

Kwa hiyo swali ni moja tu. Akae amwone baba yake akifunguliwa jicho, kisha apande ndege ya Jumapili na kuiweka rehani kazi ya miaka kumi na moja? Au aende kama kawaida yake, na baba yake afumbue jicho yeye hayupo?

Bintiye, kijana wa sasa, aliona jibu ni jepesi. "Mama, nenda tu. Bandeji ikifunguliwa nakupigia simu ya video. Utamwona Babu, na Babu atakuona."

"Mwanangu," Mapema alimjibu, "wewe umekua kwenye simu yangu. Jino lako la kwanza kung'oka niliona kwenye simu. Siku unavaa sare ya chuo, simu. Nikipanda ndege hiyo siendi kukosa picha. Picha ninazo nyingi."

Baadaye msichana alifua kanga ya mama yake bila kuombwa, na hilo kwa umri wake ni hotuba ndefu.

Mtu wa kulikata shauri hili angekuwa mzee mwenyewe, lakini hapo ndipo penye fundo. Tangu Jumatatu Mapema amemuuliza kila siku: "Baba, nikae au niende?" Jumatatu mzee alijibu kwamba mkaa wa siku hizi una mawe. Jumanne alisema shati la mwalimu lina kifungo kilicholegea. Jana aliuliza kama mvua itanyesha.

Mapema anapokwenda kuchota maji bombani, mzee anakubali kuzungumza. Anaongea akiwa ameuelekeza uso barabarani, huku kidole gumba kikipita kwenye mshono wa suruali iliyoko magotini mwake.

"Safari ya kwanza aliniuliza hivyo hivyo," anasema. "Mtoto wake alikuwa mdogo, anamshika sketi. Nilimwambia nenda, kabla hajamaliza kuuliza. Na kila mwaka nimemwambia nenda. Mzazi ukisema kaa, mtoto akakaa, halafu njaa ikabisha hodi, utaificha wapi sura yako?"

Na sasa je?

"Sasa nimezeeka. Neno la mzee ni zito, linaweza kumwangukia mtu mguuni." Anacheka kidogo. "Asikwambie mtu, jicho likifunguliwa litaona chochote kitakachopita. Hata nesi ana uso."

Mapema anarudi na ndoo. Anamimina maji kwenye kopo, anachukua suruali kutoka magotini mwa baba yake na kuitandika mezani. Anaeleza mipango yake huku akifanya kazi, maana mikono yake haijui kukaa. Anataka mikataba miwili zaidi, mpaka binti amalize chuo. Kisha atafungua duka la dobi mtaani, lenye mashine mbili za kufulia na meza tatu za pasi. Juu ya mlango ataandika jina la baba yake. "Na yeye atakaa mbele kukagua mistari," anasema. "Kwa macho, safari hiyo. Si kwa kidole."

Akiachwa na meli, duka hilo litaondoka nayo. Analijua hilo. Anaweka mkono juu ya pasi bila kuinyanyua.

"Sijawahi kumsikia baba akitaka kitu," anasema polepole, kama anayejisemea. "Nikimuuliza nikuletee nini, anasema jilete. Nikijileta, ananiuliza narudi lini kazini. Ndege zote mbili nimezipima. Ninachoshindwa kupima ni yeye."

Saa ya ukutani, ile ya plastiki iliyotundikwa juu ya hanga, inakaribia saa sita. Mwalimu amekuja kuchukua shati lake na hana haraka ya kuondoka. Binti ametoka chuoni, ameegemea nguzo ya kibanda, anatafuna kucha. Simu inalia juu ya meza. Mapema ana pasi mkononi, kwa hiyo binti anaibonyeza na kuiweka kwa sauti kubwa.

"Shikamoo, mama," anasema karani. "Ni mimi wa ofisi ya safari. Saa sita hiyo. Nikuandike ndege ipi, Jumamosi au Jumapili?"

"Marahaba, mwanangu." Mapema anaisimamisha pasi kwenye kiti chake cha chuma. Anageuka nyuma. "Baba?"

Mzee anapapasa ukingo wa meza.

"Baba, nimekuuliza wiki nzima. Usiniambie habari za mkaa. Nikae au niende?"

"Mama, uko hewani?" karani anauliza.

Mwalimu anaangalia viatu vyake. Mkaa unapasuka ndani ya pasi. Mzee anasimama. Anafuata ukingo wa meza kwa kidole gumba, anapita suruali, anapita kopo la maji, mpaka mkono wake unaigusa simu. Anaiinamia kama mtu anayeinamia kisima.

"Andika Jumapili, binti yangu," anasema. "Jumamosi nataka kumwona."