Karatasi Niliyoipeleka Mbarara Ikiwa Nusu

Mwanangu, sogea hapa karibu, na hiyo simu iache kidogo. Nataka nikuambie siku niliyoaibika mbele ya kijiji kizima hapa kambini Nakivale. Hadi leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, mpaka majirani wananiuliza kulikoni.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimekimbia vita kutoka Kivu, kule Kongo, na cheti changu cha shule nimekifunga ndani ya kitenge. Mbarara kulikuwa na taasisi iliyochunguza mila na sheria za watu wa nchi zetu hizi zinazopakana, kisha ikawatetea wanyonge kwa yale iliyoyapata. Walitafuta mtu wa kuandika mila zetu za ndoa na urithi, anayejua Kifaransa, Kiswahili na lugha ya nyumbani. Wakanichukua mimi. We, nilivimba kichwa! Nilipewa daftari, kalamu tatu na begi la kuning'iniza begani, na lile begi nililivaa hata nikienda kuteka maji.

Mkubwa wetu alikuwa Wakili Tumwine, Mnyankole mpole, naye alitufundisha kazi wiki nzima ofisini Mbarara. Sharti lake kubwa lilikuwa moja: ukishaandika, rudi kwa waliosema, uwasomee, nao wakubali au wakatae, ndipo karatasi iende kupigwa chapa. Alilirudia hilo mara nyingi hata tukawa tunamwigiza akitoka chumbani. Mwigizaji hodari kuliko wote nilikuwa mimi.

Sasa, kijijini kwetu alikuwako mjane, Mama Faraja, mwenye watoto wanne. Shemeji yake, Bahati, alidai kwamba kwa mila yetu shamba la marehemu ni lake, na watoto nao wahamie kwake. Mama Faraja akakataa katakata. Kamati ya kijiji ikasema itangoja karatasi ya taasisi, maana humo mila ingekuwa imeandikwa wazi. Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba shamba la yule mama linategemea kalamu yangu. Badala ya kuogopa, nikazidi kujivuna.

Nikaenda kwa wazee wanaume. Walinipa kiti chenye mgongo na chai ya maziwa, wakanijibu polepole nami naandika. Walisema mume akifa, ndugu yake hushika nafasi yake na kulilinda shamba. Hapo wakanyamaza, na mzee mmoja akatazama upande wa jikoni walikokuwa wanawake. Mtoto yeyote aliyelelewa na bibi yake angeelewa: kwetu wanaume husema nusu yao na kuishia hapo. Nusu ya wanawake hawaigusi, ni heshima hiyo. Lakini mimi nililelewa shule ya bweni, kwa masista. Nikadhani wamemaliza, nikafunga daftari, nikashukuru, nikajiendea.

Kwenda kuwasomea sikwenda. Mvua ilikuwa imenyesha, tope la kumeza viatu, na kulikuwa na lori linaondoka kwenda Mbarara. Wakili aliponiuliza kama nimewasomea, nikamwambia ndiyo, tena nikimtazama machoni. Ulikuwa uongo mkavu, na usiku ule nililala vizuri tu.

Siku ya mkutano wa kusomewa karatasi watu walijaa chini ya turubai. Wakili akawa anaisoma kwa Kiswahili, nami natafsiri kwa lugha ya nyumbani kwa sauti ya juu, begi langu begani. Bahati alikuwa anatabasamu. Mama Faraja aliinamisha kichwa, akamkumbatia kitinda mimba wake, na hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Kisha akasimama Koko Nabintu. Koko ndivyo tunavyowaita bibi zetu, na huyu alikuwa mkongwe kuliko wote pale, akisimama hata kamati inanyamaza.

"Mutoto wangu," akaniambia, "banaume balisema yabo, bakanyamaza juu ya kutungojea siye. Weye ulifunga kitabu. Ulituuliza fasi gani?"

Fasi kwetu ni mahali, nami sikuwa nimewauliza popote. Wakili akanigeukia, akauliza taratibu, "Uliwasomea?"

Nikaona nikisema ndiyo tena, yule mama anakosa shamba. Nikisema hapana, mimi nakosa kazi. Nikasema hapana. Nililia pale pale, kamasi na yote, na hakuna aliyenibembeleza.

Koko Nabintu akaagiza jembe la marehemu liletwe, akaieleza nusu iliyobaki. Ndugu wa mume hashiki nafasi ile mpaka mjane aulizwe mbele ya watu. Jembe linalazwa chini kati yao wawili. Mjane akimkabidhi shemeji, basi, shamba linakuwa chini ya shemeji. Akiliweka begani mwake, shamba ni lake na la wanawe, nao wanabaki kwake, na shemeji anakuja kwa kuitwa tu. Wakili akawauliza wazee wanaume kama ndivyo. Wote wakakubali, na yule aliyetazama jikoni akaongeza kwamba siku ile walibaki wakijiuliza huyu binti anakimbilia wapi.

Mama Faraja hakungoja kuulizwa mara mbili. Aliliokota jembe, akaliweka begani, na vigelegele vilivyopigwa nadhani hata watu wa mbali kule Ngarama walivisikia. Hata polisi aliyeletwa kulinda mkutano akajitosa: "Mimi nimesikia. Shamba ni ya huyu mama. Mtu asisumbue yeye." Watu wakaangua kicheko, ngoma ikaletwa. Bahati alinuna kidogo, lakini mkewe alimvuta mkono na mwishowe akacheza naye. Nami nilicheza, machozi hayajakauka, kwa furaha ambayo siwezi kukueleza.

Kazini hawakunifukuza. Wakili alinipa mwezi mzima wa kulima pamoja na akina mama, nisiandike neno mpaka wao waniambie andika. Nilirudi na malengelenge mikononi na madaftari mawili yaliyojaa. Kisha nikawasomea yote, Koko Nabintu akinikatiza kila mstari.

Sasa wewe nawe unakwenda Mbarara kusoma sheria. Ukiandika habari za watu, rudi uwasomee, hata kukiwa na tope. Watu wakinyamaza, usikimbilie kufunga daftari, uliza nani bado hajasema. Na ukikosea, kiri mapema, wakati bado kuna mtu wa kuokolewa na ukweli wako. Aibu yangu ilikuwa ya siku moja, lakini wale watoto wanne walikula kutoka shamba lile hadi wakawa watu wazima.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mtu wa kukukemea mbele ya watu siku utakayohitaji kukemewa, na akishakukemea, akupe moyo wa kucheza ngoma pamoja naye.