Medali Shingoni kwa Aziza

Kulthumu hakumpeleka Aziza kwa mapadri ili ajue kusoma. Tuelewane hapo mapema. Yeye alikuwa mwanamke wa Rumonge, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Muislamu, muuza samaki wa mukeke wa kukaushwa kwa moshi, na binti yake angeweza kuishi mpaka azeeke bila kujua herufi hata moja. Alichotaka ni medali.

Enzi hizo ni za Mjerumani. Askari walikuwa wanapita ufukweni kukamata watu wa kubeba mizigo. Siku moja Kulthumu aliona kwa macho yake wakimshika kijana mmoja, wakaona kidude cha shaba kinaning'inia kifuani, wakamsukuma pembeni. "Huyu wa mapadri. Toka." Wakashika mwingine. Kwa Kulthumu mambo yakawa yameisha hapo: mwenye medali hachukuliwi.

Na kuchukuliwa ndiko alikokuogopa kuliko kitu chochote. Mume wake Hamissi, mpiga kasia, alipata ugonjwa wa usingizi, ule unaovimbisha shingo, halafu unamlaza mtu mchana kweupe, ugali bado uko mkononi. Daktari wa Kijerumani akampeleka kambini, upande wa kusini. Huko walimchoma sindano. Habari ya kwanza iliyorudi ilisema amekuwa kipofu. Ya pili ilisema amekufa. Nani alimfumba macho, amezikwa wapi, hakuna aliyejua.

Basi siku Kulthumu anamsuka Aziza nywele, vidole vikakuta vinundu nyuma ya shingo, vidogo kama kunde, hakupiga kelele. Alimaliza kusuka. Kesho yake akampandisha mlimani, kwenye kibanda cha matete kilichokuwa kinaitwa shule.

Jirani yake Sikuzani, waliyekuwa wanatumia naye uchanja mmoja wa kukaushia samaki, alicheka mpaka akakaa chini.

"We Kulthumu, na nguruwe unaanza kula lini?"

"Mutoto anaenda kuchukua medali. Akiipata, anarudi nyumbani."

"Na padri anajua hivyo?"

"Padri hakuniuliza."

Mwalimu alikuwa Petero, katekista, mtu aliyekombolewa utumwani akiwa mdogo na kulelewa na mapadri. Hakuwa mbaya. Alikuwa anafundisha vile alivyofundishwa, na mwaka wa kwanza kitu kilichotangulia yote kilikuwa mstari. Kusimama kwenye mstari, mikono chini, mdomo umefungwa, hata nzi akitua puani. Ukiitwa unajibu "niko". Mtu mkubwa akipita mbele yako husogei. Baadaye ndiyo zikaja ishara ya msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, a-e-i-o-u kwa kidole kwenye mchanga, kuhesabu kwa mbegu za michikichi, na kung'oa majani kwenye bustani ya vitunguu ya mapadri, ambako hakuna mtoto aliyewahi kuonja kitunguu. Mtoto anayejua sala zote bila kukwama ndiye anapewa medali.

Shida ni kwamba Aziza alikuwa analala. Analala kwenye Baba Yetu, analala kwenye mbegu za michikichi, na Petero anamchapa kwa ufito, anaamka, analala tena. Kulthumu akaanza kumtia pilipili ndogo shavuni kabla ya kupanda mlima. "Ukisikia macho yanakuwa mazito, tafuna." Mtoto anatafuna, machozi yanamtoka, wenzake wanadhani anampenda Yesu sana.

Na sala? Kulthumu mwenyewe alisimama nje ya ukuta wa matete akasikiliza mpaka akazishika. Mama wa Kiislamu, jioni anageuza samaki juu ya moshi, anamkaririsha mtoto Salamu Maria, na akikosea anamrudisha mwanzo. Sikuzani akabaki anatikisa kichwa. Halafu na yeye akazijua, maana hakuwa na pa kukimbilia.

Siku moja Petero akashuka mpaka uchanjani.

"Mama Aziza, amahoro."

"Amahoro, mwalimu."

"Huyu mutoto haiko muvivu. Nimemupiga bure. Nimemugusa shingo."

Kulthumu aliendelea kugeuza samaki. "Sala anajua zote?"

"Anajua."

"Basi mupe medali."

"Mama, nisikilize. Medali inafukuza askari wa mizigo tu. Daktari haangalie kifua. Anaangalia shingo."

"Wewe umeivaa toka utoto. Walishakuchukua?"

Petero hakuwahi kuumwa, ndiyo sababu, lakini utamwambiaje hivyo mama mwenye mtoto kama yule?

"Padri amesema kila mutoto mwenye kusinzia tumutaje kwa daktari," akasema.

"Umemutaja?"

"Bado."

"Basi mupe."

Akapewa. Padri mwenyewe alimvalisha, kamba nyeupe, kidude cha shaba, na Aziza akaifunika kwa kiganja siku nzima kama kifaranga. Kulthumu alilala usingizi mzuri. Hakumwondoa shuleni kama alivyoapa. Aliona huko juu, karibu na mapadri, ndiko salama zaidi.

Halafu daktari akaja. Habari zake zilikuwa zinamtangulia siku zote, na ufukwe mzima ulikimbilia matetani, wazee wamebebwa mgongoni, sufuria zimeachwa motoni. Sikuzani alimvuta mkono. "Panda ukamutoe mutoto, haraka."

"Wangu iko na medali. Na nimemwambia asikimbie. Anayekimbia ndiye wanamushuku."

Akapanda mlima taratibu, na samaki wawili wa mwalimu mkononi. Akakuta watoto wamesimama nje ya kibanda kwenye mstari. Mikono chini, midomo imefungwa. Pwani yote hiyo daktari alikuwa anafukuza watu vichakani na kupata wachache. Hapa alikuta shingo zimepangwa zinamsubiri, na hakuna hata moja iliyorudi nyuma. Alipofika kwa Aziza, kamba ilimzuia kidogo. Akaisogeza kwa kidole, kama mtu anavyosogeza unywele, akabonyeza, akamwambia askari neno moja. Aziza hakusogea. Alisema "niko", ingawa hakuna aliyemwita.

Kulthumu akaangusha samaki. "Bwana, iko na medali. Angalia. Bwana, angalia hapa."

Daktari akampapasa na yeye shingo, akakuta haina kitu, akamwonyesha njia ya kuteremka.

Usijidanganye kwamba angekimbia angepona. Mbung'o, wale nzi wanaoeneza ugonjwa huo, walikuwa wanaishi hukohuko kwenye matete. Angekufa tu, polepole, lakini angekufa kwenye mkeka wa mama yake, kichwa kikiwa mapajani, na mtu wa kumfumba macho angekuwepo. Hicho tu ndicho Kulthumu alikuwa anakipigania tangu siku ya kusuka, na yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka mtoto mahali pa kujifunza kutokimbia.

Watoto watatu walipakiwa mtumbwini mchana ule. Petero alisimama mchangani, kofia mkononi, hakuweza kumtazama mtu. Kulthumu aliingia majini mpaka kiunoni, askari akaweka kasia mbele yake, hakumpiga, alimzuia tu. Aziza alikuwa ameegemea bega la mwenzake, mdomo wazi. Amelala.

"Aziza," Kulthumu akaita. "Aziza. Aziza wee."

Sikuzani, aliyetoka matetani na miguu ya tope, alimshika kwa nyuma. "Muache, dada. Akiamka atalia."

"Nataka alie," Kulthumu akasema. "Aamke anione, halafu alie."

Wakapiga kasia. Akaita mpaka sauti ikakatika, na mtoto hakuamka.